Kiti cha Mdhibiti wa Mawasiliano: Njia ya Kumpata, Sifa Zake na Ulinzi Wake

Kila inapofika zamu ya kumpata kiongozi mpya wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mazungumzo ya watu, ya barazani na ya ofisini, huelekea upesi kwenye jina la mtu: ni nani, katoka wapi, kasoma nini, na ni nani aliyemsemea, na mara jina linapotangazwa mazungumzo hukoma, kana kwamba shauri limekwisha. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba jina ndilo jambo la mwisho katika shauri hili, na kwamba yako maswali matatu yanayolitangulia, ambayo taifa likiyajibu kwa busara jina jema halitakosekana, na likiyapuuza hata mtu bora kuliko wote atashindwa na kazi. Swali la kwanza ni la njia ya kumpata kiongozi huyo; la pili ni la sifa za kumpimia; na la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni la ulinzi atakaopewa akiisha kukalia kiti.

Mamlaka hii ilianzishwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 2003, ikaanza kazi Novemba mwaka uleule kwa kuunganishwa Tume ya Mawasiliano na Tume ya Utangazaji, vyombo viwili vilivyotokana na sheria za mwaka 1993, wakati ambapo dola ilianza kuachilia simu, redio na televisheni zitoke katika milki yake peke yake. Zamani serikali ilikuwa mwenye posta, mwenye simu na mwenye redio, na kwa hiyo hapakuhitajiwa wa kuamua baina yake na mwingine, maana mwingine hakuwapo. Yalipoingia makampuni, kila moja na mtaji wake na tamaa yake ya faida, ililazimu apatikane mtu wa tatu asiye mwuzaji wala mnunuzi, mwenye sheria mkononi, ambaye kampuni kubwa haitamnunua, kampuni ndogo haitamlaumu kwa upendeleo, na raia atamwendea akidhulumiwa. Sheria ile ikampa taklifu zilizo wazi: kukuza ushindani wa haki, kulinda maslahi ya watumiaji, kuangalia uhai wa kifedha wa watoa huduma walio hodari, na kuhakikisha kwamba huduma zinawafikia watu wote, wakiwamo maskini na wakaao vijijini. Na kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, ilhali utangazaji si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji, uongozi wa Mamlaka umewekewa sharti la heshima, kwamba Mwenyekiti wa Bodi akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili.

Mtu asiyeijua kazi ya ofisi hiyo aweza kudhani kwamba ni mambo ya wataalamu na minara yao, yasiyomhusu. Na aje Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, asimame mbele ya kibanda chochote cha wakala wa fedha za simu. Juu ya meza ndogo ataona simu tatu au nne, kila moja ya mtandao wake, daftari la miamala lililokunjika pembe, na kijimashine cha kusomea alama za vidole, ambacho mtu hukibonyeza kwa kidole ili laini yake isajiliwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Hapo ndipo sheria inapokutana na mwili wa mwanadamu. Kwa maana mzee aliyeshika jembe tangu utoto wake hukibonyeza mara ya kwanza, akakibonyeza mara ya pili, akafuta kidole kwa kanzu na kujaribu cha mkono wa kushoto, na mashine isimtambue, kwa kuwa kazi imeisawazisha ngozi yake ikawa haina alama. Tarehe 20 Januari 2020 ilipowekwa kuwa mwisho wa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, na laini hizo zikaanza kuzimwa, watu wa namna hii hawakuwa wahalifu waliojificha, bali walikuwa raia watiifu walioshindwa na mashine. Amri ya usajili ilikuwa na hoja zake, na wizi wa kutumia laini za uongo ni balaa ya kweli. Lakini namna ya kuitekeleza, muda wa kuwangojea watu na huruma ya kuwatafutia njia nyingine wasiosomeka vidole ni mambo yanayotegemea, kwa kadiri kubwa, busara ya aliyekalia kile kiti.

Ofisi hiyohiyo ndiyo igawayo masafa, itoayo leseni, ipangayo namba, ikaguayo ubora wa huduma, isikilizayo malalamiko ya vifurushi vinavyokwisha kabla ya siku zake, na ipimayo maudhui ya redio, televisheni na mitandaoni. Mwezi wa Januari 2018 Kamati yake ya Maudhui ilivitoza vituo vitano vya televisheni faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa sababu ya habari vilizozitangaza. Na mwaka uleule kanuni za maudhui ya mtandaoni zikamtaka mwenye jukwaa lake la habari alipe milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka, mbali na ada ya maombi, mpaka ada hizo zilipokuja kupunguzwa baadaye. Asiyekubaliana na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani, lakini kijana wa Chamwino au Kondoa mwenye kamera moja hana wakili wala nauli ya kwenda kuitafuta rufaa hiyo. Kwake yeye uamuzi wa kwanza ndio wa mwisho.

Katika uwanda huu wa kati, ambako mvua hunyesha miezi michache tu na mwaka uliobaki watu na mifugo hutegemea maji ya chini, watu wanamjua vizuri msimamizi wa kisima ni mtu wa namna gani. Haulizwi kama ni ndugu wa fulani, wala kama ana maneno matamu. Huulizwa kama siku ya ukame mkubwa ataweza kumwambia mwenye ng'ombe mia asubiri, ili mjane mwenye ndoo moja achote kwanza kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika. Masafa ya mawasiliano ni mali ya umma yenye mpaka kama yalivyo maji hayo, na mdhibiti asiyeweza kumsubirisha mwenye nguvu, awe mwenye nguvu ya fedha au ya cheo, hana analolidhibiti.

Tuangalie sasa waliokwisha kukalia kiti hiki, kwa kuwa historia ndiyo shahidi asiyehongwa. Mkurugenzi Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa John Nkoma, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeiongoza Mamlaka hadi mwaka 2015, na katika zama zake Tanzania iliizima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ikaendelea na miji mingine mwaka uliofuata, Dodoma ikiwamo, na watu wakajifunza kununua ving'amuzi. Kazi ile iliwaudhi wengi, lakini iliendeshwa na mtu aliyekaa muda wa kutosha kuipanga, kuitangaza na kuimaliza. Aliyemfuata mwaka 2015 ni Dakta Ally Simba. Na mwezi wa Aprili 2016 Rais John Magufuli alimsimamisha kazi na kuivunja Bodi iliyokuwa chini ya Profesa Haji Semboja, kwa tuhuma kwamba mtambo wa kuhakiki mapato ya simu, ambao mkataba wake ulitiwa saini Machi 2013, haukusimamiwa ipasavyo, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza shilingi bilioni 400 kwa mwaka. Mhandisi James Kilaba akakaimu, kisha akathibitishwa, na Januari 2019 mtambo huo ukakabidhiwa serikali mbele ya Rais mwenyewe. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akamteua Dakta Jabiri Kuwe Bakari, aliyekuwa akiiongoza Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Katika habari ya mwaka 2016 yamo mambo mawili ambayo msomaji mwenye insafu hana budi kuyashika kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mali ya umma ni amana, na kiongozi yeyote hana budi kuhojiwa na kuwajibishwa. Asiyekubali hili hafai kupewa dhamana. La pili ni kwamba mkataba ulioleta mzozo ulisainiwa miaka mitatu nyuma, aliyekuwa mkuu wakati huo akiwa mtu mwingine, na kwamba wananchi walisoma hukumu katika taarifa kabla hawajasikia utetezi. Matokeo ya jambo hili la pili hayamhusu mtu mmoja, bali humhusu kila atakayekuja. Kwa maana mrithi wa kiti kilichopinduliwa ghafula hujifunza somo lisilokusudiwa, kwamba usalama wake haumo katika kuifuata sheria, umo katika kukisia mapenzi ya walio juu. Na mdhibiti mwenye kukisia si mdhibiti tena.

Tuje kwenye swali la njia. Desturi tuliyoizoea ni taarifa fupi kutoka Ikulu, yenye jina la aliyeteuliwa, kazi aliyokuwa akiifanya na siku ya kuanza. Hatuambiwi ni wangapi waliofikiriwa, walipimwa kwa mizani gani, wala huyu aliwashinda wenziwe kwa lipi. Sheria ya 2003 ilikuwa na nia njema zaidi ya desturi hii, kwa kuwa iliweka Kamati ya Uteuzi ya kuyachambua majina ya watakaoingia katika Bodi. Na tadbiri hiyo yafaa ipanuliwe na kuwekwa mwangani. Wala hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta mfano. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeweka Kamati ya Usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, nafasi za wajumbe wa Tume zikatangazwa, watu wakaomba, wakasailiwa, na majina yakapelekwa kwa Rais ateue. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya Tume hiyo, lakini hawezi tena kudai kwamba usaili wa wazi haumkiniki katika nchi yetu.

Majirani zetu wametufundisha kwa mema na kwa makosa. Kenya, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 yataka kuwe na chombo huru cha kusimamia utangazaji, hutangaza nafasi ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya wanaoitwa katika usaili husomwa na kila mtu. Hata hivyo, uwazi wa mlangoni haukuzuia misukosuko ya ndani. Januari 2018 Bodi ilimpeleka Mkurugenzi Mkuu Francis Wangusi likizo ya lazima, mahakama ikaingilia. Na mwezi huohuo matangazo ya KTN, Citizen na NTV yakazimwa siku ya kiapo cha Raila Odinga. Wangusi alipoondoka mwaka 2019, Mercy Wanjau alikaimu zaidi ya miaka miwili. Ezra Chiloba akaja mwaka 2021, akasimamishwa na kujiuzulu mwaka 2023. Na mwaka 2024 akateuliwa David Mugonyi, ambaye kabla yake alikuwa katika idara ya mawasiliano ya Rais. Uganda nayo, baada ya kuondoka Godfrey Mutabazi mwaka 2020, ilikaa miaka karibu minne na Irene Kaggwa Sewankambo akikaimu, na katika muda huo ndipo amri ya kuzima intaneti katika uchaguzi wa Januari 2021 ilipotolewa kwa watoa huduma. Sisemi kwamba mtu aliyethibitishwa angekataa. Nasema kwamba kukaimu ni hali ya mtu anayengojea kupewa, na anayengojea kupewa hana mdomo wa kukataa. Kwa hiyo nchi inayoacha kiti cha mdhibiti kikae na kaimu mwaka baada ya mwaka imekwisha kufanya uteuzi, ila imeteua unyonge.

Huko nje ziko njia nyingine. Afrika Kusini, Bunge hualika mapendekezo ya wajumbe wa baraza la udhibiti, likawasaili hadharani, likampelekea Waziri majina yaliyo mengi kuliko nafasi, naye akachagua miongoni mwao. Marekani, Rais hupendekeza wajumbe watano wa Tume ya Mawasiliano na Seneti huwathibitisha, na sheria huzuia chama kimoja kisiwe na zaidi ya watatu. Uingereza, mwaka 2021, jina la mwandishi wa habari Paul Dacre lilipotajwa kwa kiti cha Mwenyekiti wa Ofcom, jopo la usaili halikuridhika naye, mashindano yakaanzishwa upya, akajitoa, na aliyekuja kupewa kiti mwaka 2022, Michael Grade, alihojiwa kwanza na kamati ya Bunge mbele ya watu. Hakuna hata moja katika njia hizi iliyo salama kabisa na siasa. Lakini kila moja humlazimisha mwenye kuteua atoe sababu, na sababu ikishatolewa hadharani yaweza kupimwa.

Swali la pili ni la sifa. Aghalabu hutajwa elimu ya uhandisi au ya kompyuta, na hakika haifai kumweka juu ya masafa mtu asiyejua masafa ni nini. Lakini mzigo wa leo haubebwi na fani moja. Aprili 2021, kanuni mpya za vifurushi zilipoanza kutumika na bei zikapanda ghafula, kelele za wananchi zilienea kwa muda wa siku moja, na serikali ikaamuru bei za zamani zirudishwe. Tatizo lile halikuwa la mnara wala la mkongo. Lilikuwa la uchumi wa bei, la kuyajua mahesabu ya makampuni, na la kuzungumza na watu kabla ya kuwatungia kanuni. Pamoja na fani, basi, mdhibiti awe na fahamu ya uchumi wa soko, maarifa ya sheria yanayomtosha kujua mpaka wa mamlaka yake, na uhodari wa kusikiliza. Na juu ya yote hayo awe na ikhlasi isiyotiwa shaka: mali zake zijulikane, asiwe na hisa katika makampuni anayoyasimamia, na akiisha kuondoka asiingie katika kampuni hizo mpaka muda uliowekwa upite. Wako watakaosema kwamba aliyetoka serikalini atakuwa mtumishi wa serikali na aliyetoka kampuni atakuwa mtumishi wa kampuni. Hoja ina uzito, lakini dawa yake si kumtafuta malaika, ni kumweka mwanadamu chini ya kanuni zinazomfanya kila mmoja aone anachokifanya.

Swali la tatu, la ulinzi, ndilo moyo wa shauri lote. Tangu Wizara ya Mawasiliano na Teknolojia ya Habari ilipoundwa Desemba 2020 hadi Julai 2024, ilipita mikononi mwa Faustine Ndugulile, Ashatu Kijaji, Nape Nnauye na Jerry Silaa: mawaziri wanne katika muda usiotimia miaka minne. Mawaziri hubadilika kwa haki ya siasa, wala si vibaya. Lakini mwekezaji ajengaye mnara wa miaka ishirini, na mkulima wa Bahi anayengoja mnara huo umfikie, wanahitaji mahali pamoja pasipotikisika kila baraza linapopangwa upya. Mdhibiti apewe muda unaojulikana. Sababu za kumwondoa ziandikwe, nazo ziwe chache, yaani wizi, uzembe uliothibitika, maradhi yasiyomwezesha kazi na mgongano wa maslahi. Na kabla ya kuondolewa asikilizwe na jopo lisilo la mshitaki wake. Ulinzi huu hauwekwi kwa ajili ya starehe ya mtu. Unawekwa ili siku ngumu ikifika awepo mtu wa kuuliza kwa jina la umma. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini na ikakaa siku kadhaa. Wenye maduka, wenye kuagiza dawa, wanafunzi na waandishi wote wakapata hasara ya kimya. Hatua ya namna hiyo, hata ikitetewa kwa hoja ya usalama, humpasa mdhibiti kuwaeleza wananchi ni sheria gani iliyotumika, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani. Na maelezo hayo hutolewa na mtu ambaye kesho yake haiko hatarini kwa kuyatoa.

Zipo hoja za upinzani, na si za kudharauliwa. Yasemwa kwamba Rais amechaguliwa na wananchi na anastahili kufanya kazi na watu anaowaamini. Jibu ni kwamba Mamlaka si idara ya Ikulu, na kwamba Rais atabaki na neno la mwisho, ila atalisema akiwa na majina yaliyopimwa. Yasemwa kwamba usaili wa hadharani huwatia haya watu hodari wasijitokeze. Jibu ni kwamba atakayeshindwa kukabili maswali ya kamati ya Bunge kwa saa mbili hataweza kuyakabili makampuni kwa miaka mitano. Yasemwa tena kwamba uwazi huchelewesha. Jibu ni kwamba nafasi hii huonekana inakuja tangu mbali, na maandalizi yakianza miezi sita kabla ya muda wa aliyepo kwisha, hapatakuwa na kaimu wala haraka.

Rai yangu, basi, ni hii. Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu itangazwe katika magazeti na redioni, pamoja na sifa zake. Kamati ya Uteuzi iwasaili waombaji, na ndani yake wawemo wawakilishi wa pande mbili za Muungano na wa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, chombo ambacho sheria ya 2003 ilikiweka kwa ajili ya kumsemea raia na ambacho sauti yake husikika kidogo mno kuliko kazi yake. Majina matatu yapelekwe kwa Rais pamoja na sababu zilizoandikwa; na aliyechaguliwa, kabla ya kuanza kazi, afike mbele ya kamati ya Bunge hapa Dodoma, milango ikiwa wazi, aulizwe habari ya bei, ya vijiji visivyo na mnara, ya vidole visivyosomeka, ya uhuru wa kutangaza na ya kuzimwa kwa mitandao, na majibu yake yaingie katika Hansard ili baadaye apimwe kwayo. Laini zilizo hai katika nchi hii zimepita milioni 80, na kwa wengi wetu simu ndiyo benki, ndiyo posta na ndiyo gazeti. Mwenye kusimamia kitu kilichoingia hivyo katika maisha ya kila nyumba amekuwa na madaraka ya kihakimu, na hakimu hateuliwi gizani wala hafukuzwi kwa tangazo. Bunge lina uwezo wa kuyaandika haya katika sheria katika mkutano wake wowote, na kila mwaka unaopita bila kuyaandika ni mwaka ambao haki ya mtumiaji imeachwa itegemee bahati ya kumpata mtu mwema.